Wageni Kutoka Tumboni mwa Japheth

Dokta Balqis alikuwa anamalizia kipande cha mkate wa kumimina alipoitwa chumba cha dharura. Aliyeletwa ni Japheth, fundi wa mabati kutoka Kenya, ambaye adhuhuri ile ya Julai alikuwa amezirai kwa joto juu ya paa la ghala huko Wadi Kabir, mtaa wa viwanda wa mji ule wa Kiarabu. Bado alikuwa na viatu vyake vya kazi, na ngozi yake ilikuwa ya moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

"Hii tumbo ni kama si yangu, daktari," alisema.

Balqis alimbonyeza tumbo, akafahamu. Mwili ukizidiwa na joto hupeleka damu kwenye ngozi kutafuta ubaridi, na utumbo hubaki mkavu. Akamuuliza ni nani aliyempandisha juani saa za mchana ambazo sheria inakataza kazi za juani. Japheth akaitaja kampuni. Ilikuwa ya Bwana Thabit, baba yake Balqis.

Walimpoza kwa barafu, wakamtundikia maji. Alasiri damu ilirudi tumboni, na hapo ndipo wageni walipoanza kutoka. Chuoni Balqis alisomeshwa habari zao: kemikali ambazo utumbo huziachia ukinyimwa damu, nazo hupanda na damu hiyo hiyo ikisharudi, zikaunguza mapafu, moyo na figo. Vitabuni zilikuwa na majina marefu. Pale wodini walikuwa watu wafupi, kimo cha meza, nguo zimewaganda kwa maji na macho mekundu. Walitoka chini ya shuka mmoja mmoja, kwa adabu. Nesi Manal aliwaomba wasikanyage waya za mashine. Wengi wao walipanda kifuani mwa Japheth, wakazama ndani.

Magharibi ilipoadhiniwa mapafu yake yalikuwa yamejaa maji, na kabla ya Isha alikata roho. Balqis alimfumba macho, akamvua viatu. Wale wafupi waliobaki wakamuuliza Balqis gari yake iko wapi.

Njia nzima mpaka nyumbani kwao Bawshar walikaa kiti cha nyuma, wamefunga mikanda. Vioo viliingia ukungu.

Bwana Thabit aliwapokea mlangoni, akawaketisha sebuleni, akawatilia kahawa.

"Nyinyi wa wapi?"

"Wa utumbo wa Japheth," alijibu mmoja. "Tumetumwa tuseme damu haifiki."

"Ujumbe umefika. Ahsanteni."

"Sisi tukishatumwa haturudi."

"Hamna neno. Nyumba kubwa."

Balqis alikuwa bado hajavua koti lake jeupe. "Baba, yule mtu amekufa. Umewapandisha watu juu ya paa saa saba mchana."

"Mungu amrehemu. Lakini nna mkataba, mwanangu, na mwenye ghala hanielewi nikichelewa. Tena kijana mwenyewe kaja na tumbo lake kutoka kwao."

Balqis akazitazama kuta za nyumba ile, akakumbuka kuwa hata ada ya udaktari wake ilitoka kwenye mapaa. Akachukua birika, akawaongeza wageni kahawa.

Wiki iliyofuata walikuja wengine, wa matumbo mengine, wakitembea kwa miguu kando ya barabara kuu. Mama yake Balqis aliwatandikia mikeka ukumbini, kisha vyumbani. Baada ya siku chache akaanza kukohoa. Balqis aliweka kifaa chake cha kusikilizia mapafu mgongoni mwa mama, akawasikia mle ndani wakifanya kazi bila haraka.

"Baba, wameshamuingia mama."

"Ni hii AC," alisema Bwana Thabit, akaipunguza.

Simu yake ikalia. Alikuwa Msellem, msimamizi wake, akipiga kutoka ghalani. Mtu mwengine alikuwa ametapika juu ya mabati na hawezi kusimama.

"Mteremsheni huyo, mpandisheni mwengine," alisema Bwana Thabit, akawaomba wageni wasogee kidogo apate pa kukaa.