Tiktak ya Mzee Kimeli

Thuo alinunua gari kabla ya kununua jembe, na mkewe hakumsamehe. Chama chao cha kununua ardhi kilipogawana shamba la Mzungu kule Kiplombe, karibu na Eldoret, wenzake waligombania kando ya mto. Yeye akaridhika na ekari kumi na tano zenye zizi kuukuu la kukamulia, kisha akatoa ng'ombe wawili wazima ili aachiwe pia gari jeusi la bwana mwenyewe. Lilikuwa gari refu, lenye viti vya ngozi, na lilikuwa na kila kitu cha kumfurahisha binadamu isipokuwa kusimama.

Ugonjwa ulikuwa kwenye busta ya breki, lile kopo jeusi mfano wa sufuria mbili zilizofunikizana, linalovutwa na pumzi ya injini ili mguu wa dereva usipate taabu. Mpira wa ndani ulikuwa umepasuka, na paipu yake imekauka mpaka ikafanya nyufa. Kila Thuo alipokanyaga breki kopo lilipiga mluzi na pedali ikawa jiwe. Ilimbidi ainuke kitini, akanyage kwa miguu yote miwili, na kuliita jina la Bwana. Mwezi wa Aprili gari lilisimama ndani ya kabichi za mkewe. Mwezi wa Juni lilisimama jikoni.

Nyakio alitoka kwenye vumbi na moshi, mwiko mkononi, mtoto mgongoni. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Baba Warigia," alisema, "nimemwandikia mama. Anakuja Jumamosi na treni. Akiona hapa panakalika, nitakaa. Akiona hapakaliki, Jumanne narudi naye kwetu Gatundu. Mimi na mtoto."

Thuo alimjua mama mkwe wake, Waceke. Alikuwa mwanamke wa kizamani, mshika mila, na kwake mkwe na mama mkwe hawagusani hata kwa kiwiko. Tena alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba Eldoret ni baridi tupu na kwamba aliyehamia huko hana akili. Thuo alimpenda mkewe na aliogopa kumpoteza. Hilo halikuwa la mzaha hata kidogo. Akaapa kwamba Waceke atatoka stesheni amekalia ngozi, na gari litasimama mlangoni polepole, kwa heshima.

Alhamisi alitandika gunia uani akaifungua busta. Kifaa kipya kilikuwa Nairobi, na Nairobi walisema asubiri mwezi. Akakata mpira mwingine kutoka kwenye tyubu ya trekta, kwa mkasi wa kushonea wa Nyakio, ambao hakuuomba. Paipu ndiyo iliyomshinda. Akaenda kumwita jirani yake.

Mzee Kimeli alikuwa amekamua ng'ombe wa Mzungu yule kwa mashine miaka kumi na mmoja, na sasa alikuwa amenunua kipande kilichopakana na cha Thuo. Alikuja, akasikiliza injini, akaziba tundu la pumzi kwa kidole gumba. Macho yakamng'aa.

"Inavuta! Thuo, hii si gari. Hii ni mashine ya kukamua."

"Ni gari, Mzee."

"Wewe ulikuwa mtu ya duka, huwezi jua."

Akaingia zizini akarudi na paipu nzuri ya mpira, na pamoja nayo kidude cha chuma chenye ukubwa wa ngumi, kilichokuwa kikikaa juu ya ndoo ya maziwa. Wakamuaji walikiita tiktak. Kazi yake ilikuwa kuukata mvuto na kuurudisha, kuukata na kuurudisha.

"Ukivuta ng'ombe bila kumpumzisha, chuchu inavimba," Kimeli alieleza. "Lazima ivute, iachie, ivute, iachie. Unafikiri hiyo mpira yako ilipasuka kwa nini? Haikuwa inapumzika."

"Lakini Mzee, gari haina chuchu."

Kimeli aliweka spana chini. "Miaka kumi na moja, hakuna ng'ombe hata moja iliumia kwa mkono yangu. Kama unajua, funga wewe."

Thuo hakujua. Na mgeni katika nchi ya watu akimdharau mzee wa hapo, amejipalia makaa. Tiktak ikafungwa katikati ya paipu. Injini ikawashwa, Thuo akakanyaga, pedali ikashuka laini, ikapanda kidogo, ikashuka tena.

"Umeona?" Kimeli alisema kwa fahari. "Inapumua."

Jumamosi walienda stesheni wote wawili, maana Kimeli alisema fundi hawezi kuacha kazi yake. Njia ya kwenda ilikuwa ya kupanda, breki hazikuhitajika. Waceke akashuka kwenye treni, akaketi nyuma na kikapu cha ndizi mbivu mapajani.

Waliporudi, kwenye mteremko, ng'ombe walijaa barabarani. Thuo akakanyaga breki.

Gari likainama. Likainuka. Likainama. Tik, tak, tik, tak, likateremka likisujudu njia nzima. Kwa sujudu ya kwanza kikapu kilitua kichwani mwa Thuo. Kwa ya pili Waceke mwenyewe aliruka mbele akashika cha kwanza alichokiona, nacho kilikuwa shingo ya mkwewe. Gari lilisimama mbele ya fahali mmoja, likamwinamia mara mbili zaidi, likatulia. Waceke bado alikuwa amemkumbatia Thuo kwa mikono yote miwili, shavu lake juu ya sikio la mkwe.

Kimeli akageuka. "Usiogope, Mama. Inapumzika tu."

Waceke akatoa mkono mmoja, kisha wa pili. Akajisogeza mpaka kona ya mbali ya kiti. Thuo aliona ndoa yake imekwisha.

Nyakio alikuwa langoni. Aliliona gari likija likiinama na kuinuka, akamwona mumewe na ndizi kwenye nywele, akamsikia Kimeli akieleza habari za chuchu. Akacheka mpaka akakaa chini. Tangu watoke Gatundu hakuwa amecheka hivyo, na Thuo, pamoja na aibu yake, alitaka kulia. Waceke hakucheka. Alienda kulala kwa mke wa Kimeli, kwa kuwa hakukubali kulala chini ya paa moja na mkwe.

Jumapili baada ya kanisa Thuo aliing'oa tiktak mwenyewe, akaunganisha paipu moja kwa moja. Gari likasimama kwa kidole kimoja cha mguu. Alilipitisha mbele ya mama mkwe mara kumi. Waceke akatazama kwingine.

Jumanne aliliweka gari tayari. Akaenda kwa Kimeli, akainua sanduku la Waceke. Lilikuwa jepesi. Nguo zote zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba.

"Mama, treni haingojei."

"Nani anaenda?" Waceke aliuliza, akimenya viazi.

"Nyakio alisema…"

"Nyakio anakaa. Mtu anacheka nyumbani kwake namna ile, nimpeleke wapi?"

Thuo akalitua sanduku. Akasema, "Basi nikupeleke wewe. Mama, limepona kabisa."

"Lile? Silipandi tena mpaka siku ya kiama."

"Lakini stesheni ni maili saba!"

"Ndiyo maana utanijengea nyumba," Waceke alisema. "Mbali na barabara."