Mshale Uliopasua Kioo

Haki ya Mungu, haya ninayoyaandika ni kweli tupu, na anayebisha aje nyumbani kwangu alitazame dirisha la sebuleni. Kioo chake kilipasuliwa na mshale. Si mshale wa upinde, hapana. Mshale wa hesabu, ule wa kwenye kompyuta, wenye mistari miwili kama reli na kichwa mbele: ⇒. Ulichomoka ndani ya skrini ukiwa wa moto, ukapita karibu na sikio langu, ukaenda zake.

Mimi nilikuwa mchora mabango. Mishale yote ya "Kinyozi yuko huku" mjini kwetu ni mkono wangu, mkupuo mmoja wa brashi, bila rula. Nilipostaafu nikajifundisha kompyuta mwenyewe, kwa kubonyeza na kusikiliza nini kitalia. Kwa hiyo binti yangu, mwalimu wa hesabu, alipoteleza bafuni akavunjika mkono wa kulia ukafungwa plasta, nani mwingine wa kumchapia mtihani?

"Baba," aliniambia asubuhi akiwa mlangoni, "nakuomba sana, usipambe. Chapa nilivyoandika. Saa sita mchana mtihani uwe umefika kwenye duka la fotokopi, wanafunzi wanaufanya alasiri. Mkuu wa shule ameshaniambia, nikichelewa tena darasa langu anampa yule mwenzangu."

"Yule anayefundisha kwa kufoka?"

"Huyohuyo."

"Nenda mwanangu. Wewe hesabu kwamba umekwisha."

"Hapo ndipo unaponitisha," akasema, akaondoka.

Swali la kwanza lilikwenda kama maji. La pili likanikwamisha. Lilianza hivi: x ≠ 0 ⇒. Alama ya sawasawa iliyochanjwa mkato, halafu mshale. Nikainamia kibodi. Kumbe mishale imejaa tele! Nikabonyeza ule mkubwa uliopinda. Swali likashuka chini. Nikabonyeza tena, likashuka tena, mpaka likahamia ukurasa wa pili kama mgeni anayetafuta choo. Nikajaribu wa juu yake, unaotazama kushoto. Huo ulikuwa mlafi wa kutisha: ulimeza x, ukarudi nyuma ukameza swali la kwanza lote kabla sijang'oa kidole. Wa tatu haukufanya kitu, ila nilipoanza kuchapa upya kila herufi ikatoka kubwa, mtihani mzima ukawa unapiga kelele.

Mama watoto alikuwa pembeni anapiga pasi. "Mbona unaitukana mashine ya watu?"

"Siitukani. Naielekeza."

"Sasa imeelekea wapi?"

Nikampigia binti yangu, naye akanitumia alama zote mbili kwenye ujumbe ili nizinakili tu na kuzibandika. Zikakaa vizuri, tena nzuri mno. Nikatuma dukani, nikaegemea kiti nikajisifu kwa sauti ili mwenye pasi asikie.

Simu ikalia. Kijana wa fotokopi.

"Mzee, hapa kwangu naona visanduku."

"Visanduku gani?"

"Vitupu. X, kisanduku, sifuri, kisanduku. Nichape hivyo hivyo?"

"Mashine yako mbovu!"

"Basi mbona kazi ya mwenzako wa kabla yako imetoka safi?"

Nikatuma tena. Visanduku. Nikatuma mara nyingine. Visanduku. Saa ya ukutani inakwenda kama inafukuzwa. Damu ilinipanda kichwani, na hapo ndipo, naapa, mshale ulipochoka kufungiwa kwenye visanduku, ukaruka. Mlio ulikuwa paa! Vipande vya kioo vikamwagika sakafuni. Mama watoto alikuwa ameshatoka uani kuanika nguo, asione kitu.

Binti akapiga, kijana wa fotokopi ameshamweleza habari ya visanduku. "Baba. Umepamba?"

"Kidogo."

"Kidogo vipi?"

"Nimetumia ule mwandiko wa kompyuta wenye mikia. Mtihani ulikuwa mkavu mno, mwanangu."

Nilimsikia akihema. "Baba, mwandiko huo hauna mshale ndani yake. Kwako kompyuta inakuazimia mshale wa mwandiko mwingine, ya dukani haina wa kuazima. Chagua yote. Rudisha mwandiko wa kawaida. Tuma. Halafu toa mikono yako juu ya hiyo kibodi."

Nikafanya. Kijana wa fotokopi akasema, "Naam, mishale hii hapa." Ilikuwa bado kidogo tu saa sita igonge.

Jioni binti akarudi, darasa lake bado lake. Akalitazama dirisha. Nikamsimulia habari ya mshale, kwa mikono na kwa milio. Akafungua mkoba kwa mkono wake mzima, akatoa karatasi ya mtihani, akaipitia taratibu.

"Mishale yote ipo, Baba. Hakuna uliotoroka."

"Huo ulikuwa wa akiba."

"Na ndala yako ya pili iko wapi?"

Nikautazama mguu wangu mtupu kama wa mtu mwingine. Mara hodi! Jirani yetu, fundi cherehani, kasimama mlangoni kaishika ndala yangu kwa ncha za vidole.

"Shikamoo, mzee. Hii imepita dirishani kwenu, imetua juu ya gauni la mteja wangu. Nimekuletea mshale wako, maana nimesikia ukiusimulia hadi kwangu."

Mama watoto alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akanyoosha kidole ukutani, kwenye picha niliyojichora mwenyewe nimevaa tai ambayo sijawahi kuwa nayo. Picha kubwa, yenye kioo kikubwa.

"Kioo si kile pale?"

"Kile ni cha picha yangu!"

"Kilikuwa."

Basi nikapanda juu ya kiti, misumari midogo mdomoni, nikikipigilia kioo changu dirishani huku mimi wa kwenye picha nikinitazama kutoka sakafuni, vumbi likianza kunitua kwenye tai.

"Sogeza kulia kidogo," binti akasema. "Huko ni kushoto, Baba. Nikuchoree mshale?"