Kitambaa cha Nne

Mimi ni dobi katika nyumba ya wageni. Shuka, foronya na taulo hupita mikononi mwangu kutwa, na kazi hii hainidai maneno mengi. Ndiyo maana naipenda.

Jumamosi binti wa kaka yangu, aliye darasa la saba, alikuja uani na wenzake wawili. Mmoja wanamwita Kidole, kwa sababu darasani mkono wake haushuki. Mwingine ni Twiga, kwa urefu.

"Shangazi, tumekwama," binti wa kaka akasema. "Mwalimu anakagua miradi ya maonyesho ya sayansi Jumatano. Kundi ambalo halijaanza linafutwa."

"Twiga anataka volkano," Kidole akadakia. "Kila mwaka volkano! Mwalimu mwenyewe ameshaota majivu kichwani."

Nilikuwa nakamua shuka lenye doa la chai. Sijui ujasiri ulitoka wapi. "Pimeni doa," nikasema. "Maji ya moto, maji baridi, ndimu. Kipi kinalitoa vizuri zaidi?"

Kidole akafungua daftari. Nikawaeleza kwamba vipande vyote vitoke kwenye shuka moja, chai iwe ya birika moja, na muda wa kuloweka usipishane. Walikuwa wanayaandika maneno yangu! Mimi niliyeishia darasa la tano.

Tulikata shuka kuukuu vipande vinne, tukavimwagia chai kijiko kimoja kimoja, tukavianika. Twiga akaandika lebo, Kidole akimsomea: Moto, Baridi, Ndimu, Kidhibiti.

"Jumatatu tuko darasani mpaka jioni," binti wa kaka akasema. "Utatulowekea, shangazi?"

"Saa moja tu," Kidole akaongeza. "Na hicho cha kidhibiti unajua cha kufanya, eh?"

Nikaitikia kwa kichwa. Sikujua. Neno kudhibiti nalisikia redioni: wamedhibiti kipindupindu, wamedhibiti nzige. Nilielewa kwamba wamevimaliza. Basi kidhibiti, nikawaza, ndicho cha kulimaliza doa. Ningeuliza, lakini watoto walikuwa wameshaniona mjuzi, na utamu ule sikutaka kuutema.

Jumatatu vitatu nikaviloweka walivyosema. Cha nne nikakitia klorini, nikakifikicha mpaka kikawa cheupe pe.

Jumanne walikuja mbio. Kidole akakichomoa kwenye kamba. "Hiki hakikutakiwa kuguswa! Doa liko wapi? Sasa tutalinganisha na nini?" Akamgeukia Twiga. "Umechanganya lebo wewe. Kichwa kiko mbali mno na mikono, habari hazifiki!"

"Sikuchanganya," Twiga akasema, machozi yakimlengalenga.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao. Masikio yaliwaka moto. Nikainama, nikajifanya naokota vibanio.

Binti wa kaka akanitazama, akakitazama kitambaa. Nikaona ameelewa.

"Ni mimi," akasema. "Nilipita jana nikakiosha. Nilisahau."

Mtoto wa miaka kumi na tatu alikuwa ananisitiri kwa uongo, na mimi nimeinama na vibanio mkononi.

"Hakupita," nikasema. "Nimekiosha mimi. Hilo neno kidhibiti sikulijua."

"Si ungeuliza tu?" Kidole akasema, bila ubaya.

"Niliona haya."

Hakuna aliyecheka. Wangecheka, ingekuwa nafuu. Kidole akanieleza polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji: kidhibiti ni kile kinachoachwa na doa lake, ili vingine vipimwe nacho. Kisha akafungua daftari, kwa kuwa mwalimu wao hutaka makosa yaandikwe. "Kitambaa cha nne kilioshwa na..." Kalamu ikasimama. Wote watatu wakatazama chini.

"Andika dobi," nikasema. "Andika hakuuliza."

Jumatano binti wa kaka alipita akitoka shule. Kundi lao halikufutwa. Mwalimu aliridhika na mpango wao, akawaruhusu waanze upya na vitambaa vipya. Daftari alilisoma mbele ya darasa zima.

"Wakacheka?" nikauliza.

"Sana."

"Na wewe?"

Akachezea mkanda wa begi. "Nilicheka nao, shangazi. Kidogo tu."

"Si kitu," nikasema. Nikainamia beseni, na sikuinua uso mpaka niliposikia geti likifungwa.