Aliyesimama Nyuma ya Mara Delfini

Jumanne saa nne asubuhi, katika karakana ya kukarabati filamu mjini Bologna, Fulvia Zaniboni alikuwa akifuta mkwaruzo kwenye shavu la mwigizaji nyota Mara Delfini. Filamu yenyewe, *Wasusi wa Kofia*, ilipigwa mwaka hamsini na sita, na mkoa mzima wa Emilia hakuna nyumba isiyo na mtu anayeisema kwa ghibu. Sasa ilikuwa itolewe upya kwenye diski za kutazamia nyumbani, kwa picha kali ambayo haijapata kuonekana, picha ya kukuwezesha kuhesabu nyuzi za ukili mikononi mwa wasusi. Kiwanda cha diski kilikuwa kinaisubiri Ijumaa. Karakana haikukalika kwa furaha. Hata Ermes, fundi wa sauti, mtu aliyezaliwa amenuna, siku hiyo alikuwa amenyoa ndevu.

Mkwaruzo ulipotoka, Fulvia akaona mwanamke amesimama nyuma ya bega la Delfini. Alikuwa mdogo wa umbo, amevaa koti la kahawia, ameshika karatasi, na kipaza sauti kiko mbele ya mdomo wake.

"Ermes, njoo. Kuna mtu huku."

Ermes akaja na kikombe chake cha kahawa, akainama kwenye kioo. "Si ndiye huyo anayeongea? Mtazame Delfini, anachezesha midomo tu," akasema. "Kopi za zamani zilikuwa na ukungu, ndiyo maana hatukumwona."

Wakaiendesha filamu mbele wakimtafuta, wakichekelea kama wanafunzi waliotoroka darasani. Alikuwemo kila mahali. Katika karakana ya kofia alijibana ukutani kuwapisha wasusi wenye mizigo. Kwenye mvua alifunika karatasi zake kwa mkono wino usilowe. Katika lile onyesho la kitandani, lililowafanya mapadri wa wakati huo wapige kelele mwezi mzima, alikuwa ameketi miguuni pa kitanda, miwani puani, akihema kwa niaba ya Delfini huku akifuatisha mstari kwa kidole. Delfini aliponyamaza, yeye alitoa njugu za kuchoma mfukoni akatafuna.

Koti lilikuwa na kifungo kimoja cheusi na vingine vya kahawia. Fulvia akakitambua kifungo kile. Koti hilo lilikuwa kabatini kwa shangazi yake Iole hadi leo.

Siku zile filamu zilipigwa kimya, sauti zikaingizwa baadaye studio. Uso wa huyu kupewa sauti ya yule halikuwa jambo la kushangaza, na mwenye sauti hakuandikwa popote. Shangazi Iole alikuwa amesema kila Jumapili mezani, kwa miaka sitini na saba, kwamba sauti ya Delfini ni yake, na kila Jumapili walimcheka. Fulvia mwenyewe, akiwa na miaka tisa, aliwahi kumtania: "Shangazi, hebu sema basi kama Delfini!" Iole akaweka kijiko chini, akasema ule mstari wa onyesho la mlangoni unaoliza watu. Meza nzima ikampigia makofi, wakamsifu kwamba anajua sana kuiga.

Fulvia akampigia simu.

"Shangazi, nimekuona. Uko kwenye filamu. Umesimama nyuma yake."

"Bado niko huko?" Iole akauliza. "Aa, ndiyo maana miguu haiachi kuniuma. Na yule daktari ananijazia vidonge bure."

"Nisamehe, Shangazi. Nilikucheka."

"Ulikuwa mtoto. Baba yako ndiye mjinga, alinicheka akiwa mtu mzima na ndevu zake." Kisha sauti yake, ile ile ya Delfini ingawa imekwaruza kidogo, ikachangamka. "Sasa mtaniandika? Mwanangu, mtaniandika jina?"

"Nitahakikisha," Fulvia akasema.

Mkurugenzi, Bwana Lanfranchi, alifika saa nane, mikono imejaa barua za wateja walioagiza mapema. Akatazama dakika tano. "Mfute," akasema. "Ni kama vumbi tu."

Fulvia akamfuta, maana ndiyo kazi yake, na pia kwa sababu alishahisi kitakachotokea. Koti likageuka ukuta. Mlango ukalia, punda wakalia, mvua ikanyesha na ikasikika. Mara Delfini akafumbua mdomo wake mzuri, na hakuna kilichotoka. Ermes alikagua nyaya zote, akapuliza vumbi kwenye soketi, akainua mabega.

"Mrudishe," Lanfranchi akasema.

Wakamrudisha. Alirudi ukosi umempinda, akaunyoosha, akatafuta mstari wake, akaendelea. Lanfranchi akawaka macho. Alianza kutembea huku na huku akizungumza peke yake juu ya kava, juu ya magazeti, juu ya Wajapani ambao wangenunua diski mbilimbili.

"Basi tuandike jina lake," Fulvia akasema. "Iole Zaniboni. Bila yeye hakuna sauti, basi aingie kwenye orodha ya majina. Si umeona mwenyewe?"

"Zaniboni? Ndugu yako?"

"Shangazi yangu. Ana miaka tisini."

Lanfranchi hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoudhi zaidi. Alimsikitikia kweli. Kisha akanyoosha kidole kwenye ubao juu ya mlango, ubao ambao kila fundi mpya alisomeshwa siku yake ya kwanza: HATUONGEZI, HATUPUNGUZI. Chini yake palikuwa na saini ya Fulvia, ya miaka ishirini iliyopita, ya majivuno matupu.

"Mwanamke yumo kwenye filamu ya asili, kwa hiyo anabaki," Lanfranchi akasema taratibu. "Jina halimo. Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Basi kwenye kijitabu cha ndani."

"Warithi wa Delfini wana mkataba. Hairuhusiwi kuandika popote kwamba sauti si yake."

"Na atakayetazama je? Si atamwona anaongea?"

"Kuona hakukukatazwa," Lanfranchi akasema.

Fulvia alipigana hadi Alhamisi. Aliandika barua, akawapigia simu warithi, akapandisha sauti kwenye ngazi mpaka watu wa ofisi ya chini wakatoka kuchungulia. Alhamisi jioni Iole ndiye aliyempigia simu.

"Kama jina limeshindikana, niwekee hata kiti humo kwenye filamu, mwanangu. Kidogo tu, cha kukunja."

Fulvia akatazama ubao. "Hatuongezi, Shangazi," akasema, na akajichukia.

Ijumaa filamu ikaenda kiwandani.

Diski zikatoka, na ikawa kama sikukuu. Toleo la kwanza liliisha siku mbili, la pili wiki moja. Kwenye kava palibandikwa karatasi nyekundu: *Pamoja na mwanamke asiyejulikana, anayeonekana kwa mara ya kwanza!* Vijana wa Milano wakaanza kuvaa makoti ya kahawia yenye kifungo kimoja cheusi. Ermes alinunua lake, na likampendeza.

Jumapili ukoo mzima ulijazana kwa Shangazi Iole. Baada ya kula tortellini, tambi zilizojazwa nyama, wakawasha televisheni. Bibi mwenyewe alikaa mbele, miguu ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi, akisema kila mstari sambamba na kioo bila kukosea pumzi. Safari hii hakuna aliyemwambia anaiga. Watoto walimwonyesha kila alipotokea, wakipiga kelele, "Bibi yule pale! Bibi anakula njugu!" na yeye alicheka mpaka maji yakamwagika sakafuni. Fulvia hakuwahi kumwona na furaha ya namna ile.

Kisha majina yakaanza kupanda. Yule mwanamke wa koti aliingia kutoka kushoto, karatasi zake amezikunja kwapani. Akayafuata majina kwa kidole, moja baada ya jingine, waigizaji, mshona nguo, mwenye punda, akiinuka kwa ncha za vidole pale yalipopanda juu. Alipofika mwisho wa orodha akasimama.

Iole akaegemea mbele, akikaza macho.

"Rudisha nyuma kidogo, Fulvia," akasema. "Nahisi tumeliruka."

Fulvia akachukua rimoti, akarudisha. Yule mwanamke wa koti akaanza tena kutoka juu, kwa Mara Delfini.