Siku Nyundo na Msumari Walipokubaliana

Mji ule ulikuwa na uwanja mmoja na timu mbili za nyumbani, Nyundo na Msumari, ambazo hazikuwahi kukubaliana hata juu ya rangi ya mbingu. Katikati yao alikuwepo mtunza uwanja, mzee waliyemwita Babu Majani. Nyasi zake hazikuwa mchezo: kocha mgeni aliwahi kujilaza pale kati anyooshe mgongo, akaja kuamka timu yake imeshacheza, imefungwa na imepanda basi.

Babu Majani na mkewe waliishi chumba cha chini ya jukwaa, mwaka wa ishirini na sita sasa. Dari yao ndiyo ngazi za mashabiki. Bao moja la dakika za mwisho liliwahi kuwavunjia vikombe tisa, na cha kumi kikapata ufa kwa huzuni. Nyumba nyingine hawakuwa nayo. Kazi ikienda, na chumba kimekwenda.

Ndiyo maana Jumatano asubuhi, alipozikuta nyasi zimeungua zote, njano, zinakatika chini ya viatu kama mkate mkavu, macho yalimwenda kwanza kwenye mlango wa chumba chake. Ijumaa mkaguzi wa shirikisho anakuja! Jumatatu alikuwa ametia mbolea, kipimo kilekile cha miaka yote. Akachota udongo, akauramba. Chumvi tupu, ya mbolea.

Saa tatu akaingia katibu wa Nyundo, akafunga mlango nyuma yake.

"Mzee wangu, nisitiri. Jumapili tulitupia mifuko sita ya mbolea. Tulitaka nyasi laini, si unajua sisi ni watu wa pasi za chini."

"Sita! Mwanangu, mmenizika."

"Mkaguzi akija nitakutetea. Ila Msumari wasisikie, watatucheka mpaka tuhame mji."

Kiti hakijapoa, akaingia katibu wa Msumari, naye akafunga mlango.

"Baba, jambo dogo tu. Jana tulitia mifuko saba."

"Kwa nini saba?"

"Tuliwaona Nyundo wakishusha sita."

Nyuma ya pazia, mkewe Babu Majani alicheka kicheko kisicho na raha. "Mimi nikizidisha chumvi kijiko kimoja naambiwa nataka kuua mtu. Haya, na hawa je?"

Dawa ya mbolea iliyozidi ilikuwa maji, mengi, siku tano mfululizo. Wao walikuwa na mbili. Wakamwaga. Alhamisi mchana bomba likakauka, wakabeba ndoo kutoka gereji ya jirani mpaka mkewe akawa anatembea amepinda kama ndoano.

Ijumaa mkaguzi alisimama katikati ya uwanja, makatibu wote wawili kando yake.

"Hii ni mbolea iliyozidi. Nani aliitia?"

"Mimi nilitia yangu," akasema Babu Majani. "Wengine waseme wenyewe."

Katibu wa Nyundo akazama kusoma simu iliyozimika. Wa Msumari akainama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba.

"Semeni basi, wanangu. Mimi na mama yenu tutalala wapi?"

Makatibu wakatazamana. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu mpira ubuniwe, Nyundo na Msumari wakatoa kauli moja, kwa sauti moja:

"Mzee amechoka."

Mkaguzi akaandika: uwanja ufungwe miezi minne, timu zikachezee mji wa jirani, mtunza uwanja akabidhi funguo saa kumi jioni.

Wakaondoka, kila mtu na gari lake. Babu Majani akapiga magoti, akachimba kwa kucha. Kina cha kidole kimoja tu, akakuta mzizi mweupe, mbichi. Nyasi zilikuwa hai. Zilitaka siku tatu zaidi, basi! Akatazama saa: sita na robo.

"Mama! Leta ndoo!"

"Za nini tena? Si nafunga vyombo?"

"Leta tu, mke wangu. Mpaka saa kumi huu uwanja bado wangu."