Mikono Themanini ya Kushoto

Mkata vitambaa alinyanyua mkono wa shati wa juu kabisa, akaulinganisha na wa chini yake. Mikono themanini, yote ya kushoto. Alikuwa ametandaza kitambaa tabaka juu ya tabaka, uso ukitazama juu, badala ya uso kwa uso ili kila mkono wa kushoto utoke na wa kulia wake. Mashati arobaini ya wauguzi, na hakuna hata moja lenye mkono wa kulia.

Macho yakamkimbilia msumari wa pale mlangoni. Msimamizi wa zamani alikuwa akitundika hapo nguo iliyoharibika, na karatasi yenye jina la aliyeiharibu. Wengi hawakungoja kufukuzwa, walijiondokea. Msimamizi mpya, ambaye karakana nzima ilimwita Shangazi ingawa hakuwa shangazi wa yeyote, alikuwa na wiki tatu tu. Msumari ulikuwa bado upo.

"Tia kwenye gunia la vipande," alinong'ona Mama Vifungo kutoka mashine ya jirani. "Sema kitambaa kilikuja pungufu."

"Na akipima?"

"Apime nini, mwenzangu? Kishakatwa."

Akaikunja mikono ile, akainamia gunia. Ndipo alipomkumbuka binti yake wa miaka minne, aliyemfuata asubuhi hiyo akiwa na maziwa mpaka kwenye nyusi. "Mama, njoo uone nilichoharibu," alisema, kama anayemkaribisha mgeni. Walipiga deki pamoja. Mtoto yule hakumwogopa hata chembe, na hilo lilimpa raha kuliko sakafu inayong'aa.

Akasimama. "Shangazi, njoo uone nilichoharibu."

Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Shangazi akaja, akavaa miwani, akageuza mkono wa kwanza, wa pili, wa kumi.

"Kola na mifuko umeshakata?"

"Bado. Ndiyo nilikuwa nianze."

"Basi tumepona. Kitambaa kilichobaki kitoe mikono ya kulia. Kola na mifuko tutavipata kwenye hii mikono arobaini ya ziada. Ungeniambia jioni, tungelia wote wawili." Akamshika bega. "Mimi niliwahi kumshonea bwana harusi suruali, zipu nikaiweka nyuma."

"Akaivaa?"

"Aliivaa. Koti hakulivua siku nzima."

Karakana ikaangua kicheko. Shangazi akatundika mkoba wake kwenye ule msumari, akakunja mikono ya blauzi, wakaanza kupanga vipande pamoja.

Mama Vifungo akakohoa. Kutoka chini ya mashine yake akavuta gauni lenye matundu ya vifungo pande zote mbili, lililojificha huko tangu Jumatatu.

"Shangazi," akasema, "ukimaliza hapo, pitia na huku. Ila uje na kiti kabisa."