Waya wa Jioni

Mchungaji alipiga simu mara ya tatu asubuhi hiyo, pole nyingi mwanzoni na lile lile mwishoni: ramani ya kanisa jipya iko wapi, na harambee ni Jumapili? Syombua akajibu kwamba itapatikana. Alijibu kama mtu aliyeulizwa bei ya nyanya. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu wamzike Kivuva, mumewe, na hakuwa amelia hata tone. Hakuhisi chochote, na hilo lilimtisha kidogo, kisha nalo likaacha kumtisha.

Ramani ilikuwa ndani ya kompyuta ya Kivuva, maana ndiye aliyekuwa akiuchorea mji mzima wa Kabati nyumba zake. Siku ya msiba Syombua aliifunika kwa kitambaa cha kufuma na hakuna aliyeigusa tena. Sasa iliwaka vizuri, ila programu ya kuchora ilikataa katakata kufunguka.

Muthama, fundi, akafungua ubavu wa mashine.

"Mama, hapa kuna kadi mbili za picha. Hii ya juu ni ya kazi, hii ya chini ni ya game. Zikiwekwa pamoja saa zingine haziskizani. Wacha tutoe ya game, hata mteja niko naye."

"Hiyo ni yangu," Syombua akasema.

Waumini wangeangua kicheko wakijua. Mwanakwaya wa miaka arobaini na minane, na kila jioni alicheza mpira kwenye kompyuta na mumewe, akimfunga mabao bila huruma.

Muthama akachungulia nyuma. "Kumbe ni waya tu. Waya ya skrini iko kwa kadi ya game, na hii programu inataka ile ya kazi. Nani alihamisha?"

Aliyeuhamisha waya huo siku zote ni mmoja. Kivuva akimaliza kazi aliutoa juu akauchomeka chini, akatangaza kwamba ofisi imefungwa. Hakuwahi kuuhamisha kabla ya kumaliza.

Muthama akaurudisha juu. Ramani ikafunguka, kamili mpaka mnara wa kengele. Ilihifadhiwa mara ya mwisho saa kumi na dakika hamsini jioni.

Mazishini walisoma kwamba Kivuva alifia kazini. Syombua ndiye aliyeandika hivyo. Siku hiyo saa kumi na moja Kivuva alimpigia akamwambia aje, Syombua akasema yuko njiani, kisha akabaki langoni mwa kanisa akipiga soga na wenzake wa kwaya mpaka saa moja. Alimkuta kitini, skrini imezimika.

"Nichapishe?" Muthama akauliza.

"Chapisha. Halafu rudisha waya chini."

"Na kazi ya kuchora?"

"Hiyo imeisha."

Fundi alipoondoka, Syombua akavuta kiti cha kushoto, kile chake, akakaa na kuishika pedi ya kuchezea mpira. Alikuwa amechelewa wiki tatu, na bado hakulia.